Shimo lililoingilia rede

Kiwanja kilikuwa kipande cha wazi nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, wilayani Temeke, mwaka 2014. Mwembe mmoja, vumbi tele, na kinjia cha mkato kilichokatiza mshazari kuelekea bombani. Kabla ya Jumamosi ya msaragambo wa kujenga pembea, timu yetu ya kuendeleza michezo ya watoto ilishakaa pale jioni kadhaa ikitazama tu: nani anacheza nini, na wapi. Wavulana wa chandimu walishika upande wa barabarani. Wasichana wa rede walikuwa karibu na kinjia, na kwa sababu nzuri. Wengi walikuwa wametumwa maji, na pale waliweza kucheza huku jicho moja likiwa kwenye ndoo zao za foleni.

Ndiyo maana ramani yetu, iliyochorwa ardhini kwa majivu, iliacha katikati patupu. Pembea ilikaa ukingoni, mbali na mwembe, kwani msimu wa maembe ukifika mawe huruka, na anayebembea hana pa kukwepea. Boriti ikiwa mita 2.2 juu ya mchanga, mbele huachwa mita 4.4 wazi na nyuma vivyo hivyo. Watu wengi hupima nguzo tu wakasahau kwamba pembea inasafiri.

Mwenyekiti wa mtaa hakulipenda lile pengo. "Sasa mgeni akija tumwonyeshe nini, vumbi?" Kiwanja chenyewe tulikipata mkutanoni kwa msaada wa kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kinachoutaja mchezo pamoja na chakula na elimu. Lakini kuhusu pengo, sheria haina la kusema.

Asubuhi ilianza na matairi chakavu. Tairi la pembea lisiwe na waya sehemu inayokanyaga barabara, maana mpira ukilika waya hutokeza na kuchana mapaja. Njia ya kupima ni sumaku ya spika mbovu: ikinata pale kwenye kanyagio, tairi hilo linakwenda kufukiwa nusu ardhini, si kuning'inizwa. Pembezoni, panapokaa kwenye rimu, sumaku itanata kwa kila tairi, kwa hiyo pasikutishe.

Bibi wa nyumba ya jirani alikuja na kanga yake mabegani. Tulimwamkia, akaitikia, halafu akauliza: "Wanangu, hayo matairi mmewaletea watoto au mmewaletea mbu?" Swali lilikuwa la haki kabisa. Mwaka ule homa ya dengue ilikuwa imeikumba Dar es Salaam, na mbu wake anapenda tairi lenye maji kuliko dimbwi. Fundi akamwonyesha: tairi la pembea hutobolewa matundu manne upande wa chini, kwa drili, kila tundu milimita 12. Nondo ya moto nayo hutoboa, ila moshi wake hauvumiliki na tundu huziba tena. Tairi la lori hufukiwa nusu, na ile nusu ya chini hujazwa mchanga ndani hadi usawa wa ardhi. Nusu ya juu haishiki maji. Bibi aliinama, akapitisha kidole kwenye tundu moja baada ya jingine, kisha akaondoka bila neno.

Nguzo zilikuwa mirunda ya mikaratusi, miwili kila upande, imeegemeana. Mafundi walitaka kuipaka oili chafu yote kwa ajili ya mchwa. Tulikataa, maana hizo ndizo zinazoshikwa na mikono midogo. Lami ilipakwa sehemu ya kufukiwa tu. Mashimo kina sentimita 90, zege ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mifuko mitatu ilitosha nguzo zote nne.

Mchana, vijana wawili walioelekezwa na mjumbe mmoja wakaanza kuchimba shimo jingine katikati ya kiwanja, kwenye lile pengo. Hatukuwa na nguvu ya kuwazuia, kiwanja ni cha mtaa. Saa kumi wasichana wakaja na mpira wao wa matambara na chupa tupu. Hawakubishana na mtu. Walisimama pale pale pa siku zote: wawili pembeni wakirusha, mmoja katikati akikwepa huku akiijaza chupa mchanga. Mpira ukadumbukia shimoni. "Kaka, mpira!" Kijana akautoa. Ukadumbukia tena. Kifusi kilichotoka shimoni kikawa ndio mchanga wa chupa. Baada ya muda yule kijana alikuwa anarusha mpira kuliko anavyochimba.

Mwenyekiti alitazama hadi chupa ikajaa. "Fukieni," akasema.

Kufukia nako kuna utaratibu. Udongo uliorudishwa wote kwa mkupuo hutitia mvua ikinyesha, na mtoto anayekimbia huteguka kifundo. Ulirudishwa kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa kipande cha gogo.

Minyororo haikufungwa siku ile. Zege lilimwagiliwa siku saba kwanza, kisha minyororo ikavishwa mpira wa maji ili pete zisiminye vidole, na tairi likaning'inia sentimita 40 juu ya mchanga. Mirunda mibichi husinyaa ikikauka, kwa hiyo nati hulegea hata zikiwa mbili mbili. Spana namba 19 ya kuzikaza ikakabidhiwa kwa mama mwenye genge, kwa sababu ofisi ya mtaa hufungwa wikiendi, siku ambazo pembea haipumziki.