Mkono wa Kaka Ndani ya Hydrogen

Wimbo ulikuwa umekamilika isipokuwa drams. Gitaa na besi vilikuwa vimesharekodiwa, sauti ya mwimbaji na za waitikiaji zipo, na kayamba lilipita kuanzia ubeti wa kwanza hadi mwisho. Vyote vilikaa ndani ya Ardour, programu ninayorekodia, kwa tempo ya mapigo 96 kwa dakika. Ndipo mpiga drams wetu akateguka kifundo cha mkono wa kulia. Daktari alimfunga bandeji na kumkataza kushika fimbo mpaka mkono upone, huku siku ya kukabidhi wimbo ikikaribia.

Nilimpigia simu kumweleza kwamba nitazipanga drams kwenye kompyuta. Akakaa kimya kidogo.

"Sawa, mdogo wangu," akasema. "Ila usizipange mimi nikiwa sipo."

Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini namwita kaka tangu enzi zile nilipokuwa nakaa nyuma yake kwenye mazoezi nikijifunza kuhesabu. Masikio yake nayaamini kuliko yangu. Nilijua pia kwamba midundo mingi ya kompyuta inamkera, na sababu zake nilizielewa: kiki (ngoma kubwa ya mguu) inaanguka kwa uzito uleule kila mara, haihati (jozi ya matoazi) zote zina nguvu moja, na baada ya muda mfupi sikio linachoka bila kujua limechoshwa na nini. Alipofika jioni ile, mkono umening'inizwa shingoni, nilikuwa nimeshafungua programu mbili: Ardour upande wa kushoto wa skrini na Hydrogen, ya kupangia drams, upande wa kulia.

Ningeweza kuzipanga drams ndani ya Ardour yenyewe, maana tangu toleo la 3 inapokea noti za MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki na kompyuta hutumiana noti. Lakini nguvu ya Ardour iko kwenye kurekodi na kuchanganya sauti, na kupanga drams humo noti kwa noti kunachosha. Hydrogen imetengenezwa kwa ajili ya drams tu. Kila ala ina mstari wake, kila mstari umegawanywa vijumba, na kipimo kizima cha mapigo manne unakiona kwa kutupa jicho mara moja. Unabofya kijumba, kiki inaingia. Unabofya tena, inatoka. Hata mtu asiyewahi kugusa programu ya muziki anaisoma picha ile, hasa akiwa mpiga ala. Kwa upande wake, Hydrogen haiwezi kurekodi sauti ya mwimbaji. Basi kila moja nikaiachia kazi inayoiweza, nikaziunganisha kwa JACK.

JACK inakaa kati ya programu za sauti na kadi ya sauti ya kompyuta, nawe huioni sana ukishaiwasha. Aliyeianzisha ni Paul Davis, yuleyule aliyeandika Ardour. Hydrogen ilianzishwa na mtu mwingine, Alessandro Cominelli, lakini inaelewana na JACK vizuri kabisa. Kazi ya kwanza ya JACK ni kama ya nyaya: sauti inayotoka Hydrogen unaichomeka kwenye treki (mstari wa kurekodia) ya Ardour bila kushika waya wowote. Kazi ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kushikanisha mwendo. Ukibonyeza kitufe cha kupiga kwenye Ardour, Hydrogen inaanza papo hapo. Ukiruka hadi ubeti wa pili, nayo inaruka. Ndani ya Hydrogen kuna kitufe kilichoandikwa J.TRANS. Kikiwashwa, na programu ikiwa kwenye hali ya wimbo mzima badala ya kipande kimoja kinachojirudia, zinatembea kama programu moja.

Njia ya zamani ya kushikanisha vifaa ni saa ya MIDI, inayotuma alama 24 kwa kila pigo. Kwa tempo ya 96, kati ya alama moja na nyingine kuna milisekunde 26, na kifaa kinachopokea lazima kikadirie kilichomo katikati. JACK huhesabu kwa sampuli, vile vipande vidogo sana ambavyo kompyuta huigawa sauti. Tulikuwa tumerekodi kwa sampuli 48000 kwa sekunde, kwa hiyo pigo moja la wimbo wetu lilichukua sampuli 30000 kamili, na kipimo cha mapigo manne sampuli 120000. Kabla ya kugusa kitu kingine nilirekodi kiki ya Hydrogen ndani ya Ardour, nikakuza wimbi mpaka sampuli zikaonekana moja moja, nikaenda mwanzo wa kipimo cha pili. Kiki ilisimama juu ya mstari. Nikaenda mbali zaidi, karibu na mwisho wa wimbo. Vilevile.

"Unatafuta nini humo?" kaka akauliza.

"Natazama kama zinatembea pamoja."

"Na zinatembea?"

"Zinatembea."

Akavuta kiti karibu.

Tukaanza na mdundo aliokuwa akiupiga mazoezini. Alinitajia kwa mdomo, huku mkono wake wa kushoto ukigonga goti: kiki kwenye pigo la kwanza na kabla kidogo ya la tatu, snea (ngoma ndogo ya sauti kali) kwenye la pili na la nne, haihati 16 kwa kila kipimo. Vijumba vikajaa haraka. Nikabonyeza kitufe kwenye Ardour na wimbo wote ukapiga, gitaa na drams kwa pamoja. Alisikiliza ubeti mzima akitazama sakafu.

"Iko sahihi," akasema. "Lakini haijakaa kwenye wimbo."

Nikamwonyesha vitufe vitatu vya kuzungusha kwenye miksa ya Hydrogen, vilivyowekwa ili kuipa mashine tabia ya mtu: kimoja cha nguvu ya noti, kimoja cha muda, kimoja cha swing, yaani kuubembeza mdundo. Nikakizungusha cha muda. Kazi yake ni kuzisogeza noti mbele au nyuma bila mpangilio, kila moja kivyake. Kaka alisikiliza vipimo vichache tu, akainua mkono wake mzima.

"Hapo inabahatisha," akasema. "Mimi sibahatishi."

Hilo ni jambo ambalo watu wengi wanaotengeneza midundo kwenye kompyuta hawalitilii maanani, nami nalisisitiza kila nikipata nafasi. Mpiga drams mzuri akichelewesha noti, haicheleweshi ovyo. Anaichelewesha mahali palepale, kwa kiasi kilekile, kipimo baada ya kipimo, na msikilizaji anauzoea ucheleweshaji ule mpaka anautegemea. Ukisogeza noti kwa bahati nasibu unapata drams zilizolegea. Mtu humpati.

Na mtu tulikuwa naye. Kayamba lililokuwa ndani ya wimbo alilipiga yeye mwenyewe, kabla hajaumia, akiwa ameketi ana kwa ana na mpiga gitaa. Nikaiacha Hydrogen kwanza, nikarudi kwenye treki ya kayamba nikaikuza. Tukatazama kipimo kimoja, kingine, kisha vya kibwagizo. Noti nzito, zile zinazoangukia kwenye pigo na katikati ya pigo, zilikuwa karibu sana na mstari. Zile dhaifu za katikati yake zote zilichelewa, na zilichelewa kwa kiasi cha kushangaza kwa jinsi zilivyofanana: sampuli 1200 hivi, yaani milisekunde 25.

Roger Linn, aliyetengeneza mashine ya drams ya LM-1 iliyotoka mwaka 1980, huielezea swing kwa asilimia. Unachukua noti mbili zinazofuatana na kutazama ya kwanza inakula sehemu gani ya muda wa zote mbili. Zikigawana sawa ni 50%. Ikifika 66%, ya kwanza imechukua theluthi mbili na ya pili theluthi moja, na hapo wimbo unabembea waziwazi. Kwetu noti mbili zilikuwa na sampuli 15000, na ya kwanza ilikula 8700. Mkono wa kaka ulikuwa kwenye 58%. Nilimwambia namba hiyo akaitikia kwa kichwa tu, ila alipoona kayamba lake limechorwa kwenye skrini, kila noti dhaifu ikiwa nyuma ya mstari kwa nafasi ileile, alisogeza uso karibu na kukaa vile muda mrefu.

Kile kitufe cha swing kingeweza kutukaribisha hapo, lakini kinasogeza ala zote kwa pamoja. Kaka hakutaka hivyo. Kiki yake na ile snea nzito vikae kwenye mstari, haihati ndizo zichelewe. Hydrogen ina njia nyingine ambayo naipenda zaidi. Chini ya vijumba kuna sehemu ya kurekebisha noti moja moja: nguvu yake, upande inaposikika, na kama inatangulia au inachelewa. Programu inaligawa pigo katika vipande 48, na kwa wimbo wetu kipande kimoja kilikuwa sampuli 625. Maana yake haihati dhaifu zirudi nyuma karibu vipande viwili. Nikaziteremsha moja baada ya nyingine kwa kipanya, nikarekodi kipimo kimoja ndani ya Ardour, nikakiweka chini ya treki ya kayamba na kulinganisha vilele vya mawimbi. Bado kidogo. Nikarudi Hydrogen, nikaongeza, nikarekodi tena. Kwenda na kurudi huko ndiko nilikohitaji programu mbili: moja inanionyesha alichofanya mtu, nyingine inaniruhusu kukiweka kwenye ala nyingine.

Vilele vilipokaa pamoja nikaupiga wimbo tangu mwanzo. Kayamba halikuwa tena linavutana na haihati. Vilikuwa vimeingiana, na gitaa, ambalo tangu mwanzo lilimfuata kaka, likapata nafasi yake lenyewe. Sikugusa gitaa hata kidogo.

Kaka akaanza kufanya kazi kwelikweli. "Haihati ya nne ishushe." "Hapo kabla ya snea weka noti ndogo, ya kunong'ona, kama fimbo imedunda yenyewe." Seti nzuri za sauti kwenye Hydrogen zina rekodi zaidi ya moja kwa ala moja, na programu huchagua kufuatana na nguvu uliyoipa noti, kwa hiyo snea iliyoguswa polepole inakuwa na sauti yake badala ya kuwa ile nzito iliyopunguzwa. Alilisikia hilo bila kuambiwa. Akataka ubeti wa pili uwe na noti mbili za kunong'ona pale ambapo wa kwanza una moja. Akanikataza kunakili kibwagizo cha kwanza na kukibandika kwenye cha pili. "Mimi nikifika huko nimeshachemka," akasema, nasi tukakipanga upya, kiki ikiongezeka mwishoni mwa kila mstari wa waimbaji.

Usiku ukaenda. Kazi ya kuchanganya sauti ilikuwa ya haraka. Hydrogen inaweza kutoa kila ala kwenye njia yake, basi kiki, snea, haihati na matam (zile ngoma nyingine za seti) nikavichomeka kila kimoja kwenye treki yake ndani ya Ardour. Kiki nikaibana kwa kompresa, inayopunguza sauti inapozidi, ili isipigane na besi, haihati nikaikata sauti za chini zisizohitajika. Halafu nikarekodi zote, wimbo mzima, ziwe mawimbi ya kawaida ndani ya Ardour. Sipendi kuacha wimbo unategemea programu mbili zifunguke sawasawa miaka ijayo, zikiwa na seti ileile ya sauti. Faili la Hydrogen nililihifadhi pembeni yake kwa ajili ya marekebisho.

Kabla ya hapo, tulipofika kupanga kibwagizo cha mwisho, aliniambia nisitie haihati kabisa.

"Niachie hiyo. Mkono ukipona nitaipiga."

Nikamkumbusha siku ya kukabidhi. Akasema ataiwahi, na aliiwahi, bandeji ikiwa imetoka muda mfupi tu. Alipiga haihati peke yake, kwa kipande kile tu cha wimbo, akisikiliza drams za Hydrogen kwenye hedifoni. Alipomaliza nikakuza wimbi. Noti zake dhaifu zilikuwa nyuma zaidi ya zile tulizozipanga, karibu sampuli 1400, kwa sababu waitikiaji hapo wanaimba kwa nguvu zao zote na yeye alikuwa ameegemea nyuma kuwasubiri. Nikafungua faili la Hydrogen, nikazirudisha nyuma kidogo noti ndogo za snea za kibwagizo kile ili zimfuate, nikazirekodi upya.