Gofu ya Singapore imeniunguzia maandazi

Jana nilikaanga maandazi huku simu imeegemea kopo la sukari, naangalia kipande cha video cha mashindano ya gofu ya wanawake ya Singapore ya mwaka 2014. Paula Creamer wa Marekani na Azahara Muñoz wa Hispania walikuwa wamelingana, ikabidi waongezewe mashimo. Kwenye shimo la pili la nyongeza Creamer akasukuma mpira kutoka mbali, futi 75 hivi. Ukaviringika, ukapinda, ukateremka... ukadumbukia! Akakimbia, akapiga magoti. Mimi nikapiga kelele, na maandazi yakaungua.

Basi nikajikuta nafuatilia historia ya mashindano yenyewe, yanayobeba jina la benki ya HSBC. Yalianza Singapore mwaka 2008 katika viwanja vya Tanah Merah, na Lorena Ochoa wa Mexico akawaacha wenzake kwa mapigo 11. Kumi na moja jamani, hapo ushindani uko wapi? Mwaka 2013 yakahamia kisiwa cha Sentosa. Wakorea ndio wameyafanya kama shamba la urithi: Inbee Park kachukua mara mbili, Jin Young Ko naye mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Mwaka 2020 hayakuchezwa, korona.

Sijawahi kushika fimbo ya gofu maishani. Mume wangu ananiuliza nani kaniroga.