Macho ya Mzee

Mwezi Machi 1994, nikiwa mdogo kuliko wote katika msafara, nilifuatana na baba mdogo na mshenga wetu kupeleka mahari ya kaka yangu Kilolo, ambako wakati huo kulikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Iringa. Mvua zilikuwa zimeiharibu barabara, pikapu tuliyoikodi ikakwama kwenye tope zaidi ya mara moja, na tulifika jioni, tumechafuka hadi magotini, kwa watu waliokuwa wakitusubiri tangu mchana.

Hakuna aliyetuuliza sababu ya kuchelewa. Tulisalimiana "Kamwene", zikafuata habari za watoto, za mvua na za mahindi, kwa utaratibu usiotaka haraka, na ulanzi ulipoletwa mwenyeji aliuonja kwanza mbele yetu ndipo akampa mshenga kikombe, ili mgeni anywe bila wasiwasi.

Mshenga wetu alikuwa msemaji hodari, mwenye methali kwa kila jambo, na nadhani ni ulimi huo uliofanya akabidhiwe fedha. Alitangaza kwamba bahasha ilikuwa na shilingi 80,000. Mzee wa ukoo, aliyejitanda mgolole, aliipokea kwa mikono miwili, akaanza kuhesabu chini ya karabai. Nilikuwa nimeketi karibu naye mkekani, kwa hiyo niliiona midomo yake ikichezacheza, ikasimama, kisha akalowesha kidole na kuanza upya. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie, mshenga alikuwa kimya.

Mzee alizilinganisha noti zile, akazirudisha ndani ya bahasha na kumpa aliyezileta.

"Mshenga wetu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "macho haya ya uzee usiku hayafai. Kaa nazo, asubuhi tutahesabu vizuri."

Karabai ilikuwa ikiwaka kiasi cha mtu kuweza kuokota sindano. Kaka wa binti akataka kusema neno. Mzee akamwagiza akaangalie kama kuku ameiva. Tukala, tukacheka, na sidhani kama kina mama waliokuwa jikoni walijua lolote. (Siku hizi, pengine, angetokea mtu wa kuirekodi hesabu ile kwa simu.)

Alfajiri nilimkuta mshenga nyuma ya nyumba akinong'ona na baba mdogo na dereva. Sikuuliza, ila tuliporudi Iringa saa ya baba mdogo ilikuwa mkononi mwa dereva. Baada ya chai bahasha ilitolewa tena, na safari hii mzee alihesabu kwa sauti, haraka, hadi 80,000 zikatimia, akina mama wakapiga vigelegele.

Njiani nilimsifu mzee kwa upole wake. Baba mdogo, ambaye alikuwa na sababu zake za kununa, hakukubaliana nami hata kidogo. Alisema yule hakuwa mpole bali mjanja: angemwumbua mshenga pale pale, angepata ugomvi na wakwe pamoja na fedha pungufu, lakini sasa alikuwa amepata fedha kamili na mtu wa kumnyenyekea.

Sikumwelewa mpaka tulipokwenda kupanga harusi, baada ya mavuno. Upande wa binti uliongeza blanketi la bibi na jembe ambavyo havikuwamo katika makubaliano, na mshenga wetu, mtu wa kubishana hata juu ya nauli, akaitikia, "Hamna neno, mzee wangu," bila hata kututazama.