Hatua sitini

Kilichonifikisha Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu mkoani Mbeya, mwaka 2007 ni jiografia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mjomba alikuwa na nakala ya ramani ya jiolojia ambayo pale kambini kwao wachimbaji hakuna aliyeweza kuisoma. "Njoo utuonyeshe mwamba ulipo," akaniambia kwenye simu.

Ramani ilikuwa ya skeli ya 1:125,000. Mstari wa mwamba wa kwazi, jiwe gumu ambalo dhahabu hukaa ndani yake, ulikata korongo linaloteremka kuelekea mto Lupa, upande ambao watu wameosha dhahabu tangu miaka ya 1920. Mjomba akaweka kidole juu yake. "Basi tuchimbe hapa." Nikamweleza kwamba unene wa mstari ule, nusu milimita, ni mita sitini na ushee ardhini, na mwamba wenyewe unaweza usiuzidi mkono wangu. Uso ukamnywea. Ramani ilijua bonde, shimo haikulijua.

Wiki hiyohiyo akaletwa mtaalamu. Ndivyo tulivyomwita, na sikumbuki aliyempa cheo hicho. Alikuja na nyaya mbili za shaba zilizokunjwa pembe, akavua viatu, akapanda kilima polepole. Chini ya mninga mmoja nyaya zikapishana. "Hapa. Futi thelathini." Akachukua laki mbili na mbuzi, akaondoka na lori la mkaa. Mjomba alilala usingizi mzuri usiku ule, na sikumlaumu: kati yangu na yule bwana, mmoja tu ndiye aliyempa mahali pa kupiga sururu.

Nyaya alituachia. Nikazijaribu: nikifika penye kigingi chetu zinapishana kweli, hata nywele zikanisimama. Kisha nikamwomba binamu yangu anifunge macho kwa kitenge na kunizungusha. Zikapishana mahali patatu, pamoja na nyuma ya choo. Mkono unainama kidogo tu pale kichwa kinapotarajia, na waya ulioshikwa kwa wepesi hulifanya jambo dogo kuwa kubwa. Nilipomwambia mjomba, akasema nyaya hazipendi mzaha.

Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likaenda chini pale pa kigingi: matimba ya kuzuia kuta, winchi, pesa za watu. Mimi nikashinda korongoni na karai. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, kwa hiyo haikai popote: hutulia panapopooza mkondo, kwenye kona ya ndani, nyuma ya jiwe kubwa, na zaidi kwenye nyufa za mwamba wa chini kabisa. Nilikwangua nyufa hizo kwa kijiko, naosha, nahesabu chembe, naandika kwenye daftari, napanda hatua hamsini, narudia. Chini korongoni chembe zilikuwa bapa na laini, zimepondwapondwa na safari. Kadiri nilivyopanda zikawa na kingo kali, moja hata imeng'ang'ania kipande cha kwazi. Baada ya mkuyu ulioanguka karai likatoka tupu. Nikaosha mara tano, tupu. Maana yake nilikuwa nimeupita mwamba inakotoka dhahabu. Nikarudi nyuma, nikaanza kuosha udongo wa ubavuni badala ya mchanga wa korongo.

Duara lilifika futi 38 likatoa maji, na hakuna kilichopatikana ila udongo mwekundu na deni la pampu. Siku ya tatu baada ya kuliacha, vijana wawili walinisaidia kuchimba mtaro ubavuni, kina cha kiuno. Mwamba ulikuwepo: kwazi yenye kutu, mwembamba kama nilivyohofia. Kilo chache tulizoponda kwa mkono zikatoa gramu mbili na kidogo.

Mjomba akaja, akaangalia mtaro, akaangalia mninga. Akatembea kutoka huku hadi kule akihesabu kwa sauti. Jioni, mbele ya kambi nzima, alikuwa amefurahi kupita kiasi.

"Mtaalamu kakosea hatua sitini tu, mjomba. Sitini ni nini?"