Pikipiki mpya ilinizimikia mlimani, saa ya dashibodi ndo ikatoa siri

Hii safari niliisubiri muda mrefu na pikipiki niliinunua kwa ajili yake hasa: silinda mbili, tanki kubwa, masanduku mawili pembeni na moja nyuma, kioo kirefu cha upepo, siti pana ya kukaa saa nyingi. Mpango ulikuwa kuvuka milima mpaka upande wa pili halafu nirudi kwa barabara ya chini. Siku za mwanzo za tambarare sina mengi ya kusimulia. Nilikuwa naenda taratibu kwa sababu injini mpya haitaki kuvutwa mpaka mwisho na haitaki pia mwendo mmoja saa nzima, unapanda unashuka, unabadili gia, ili ringi za pistoni zikae vizuri kwenye silinda. Tairi mpya nazo zinateleza mpaka zichubuke juu, kama kilomita 150 hivi, kwa hiyo kona nilizipiga kwa adabu.

Ila raha yenyewe niliyoiota haikuja. Kioo cha upepo kilianza kutikisika mapema sana, halafu upepo ukawa unavuka juu yake na kunipiga kwenye helmeti mpaka shingo ikauma. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kinajigeuza chenyewe taratibu, unakiweka sawa, baada ya muda kinakuonyesha kiwiko chako. Nikishafunga mizigo nyuma taa inamulika miti badala ya barabara. Joto la injini lilikuwa linanipanda mapajani kila nikisimama. Na siti, jamani, ile siti waliyoisifia sana, baada ya saa mbili nilikuwa nasimama kwenye vikanyagio ili nipumzike. Nikampigia aliyeniuzia. Akanisikiliza vizuri kabisa, akasema zote ziko hivyo kaka, mashine mpya hiyo, itatulia yenyewe, na usifungue kitu chochote maana utapoteza dhamana.

Nikaendelea.

Sasa kizaazaa kilianza kidogo kidogo. Nilipita kwenye tuta, pikipiki ikakata kama kope inavyofumba, ikarudi. Nikadhani nimeota. Baadaye ikarudia kwenye lami mbovu, safari hii nikaona dashibodi imezimika yote halafu ikawaka upya kama mtu amewasha swichi, taa zote za tahadhari zikaja pamoja zikapotea. Injini ilikuwa bado inazungushwa na gurudumu kwa hiyo ikashika tena yenyewe. Ukiwa kwenye gia na mwendo upo, kitu kama hicho unaweza kukipuuza, kinatokea na kuisha kabla hujajua ukifanyeje. Nilisimama nikazima nikawasha, ikawaka safi kabisa. Pale ilipokuwa imesimama nilitikisa funguo, nikatikisa waya ninazoziona, ikaendelea kuunguruma bila kukohoa hata mara moja. Mashine yenye ugonjwa wa kuja na kuondoka inachosha kuliko iliyokufa kabisa, maana hata ukifika kwa fundi inakuwa nzima.

Mlimani ndo iliniweza. Jioni, mvua imeanza, nateremka kona baada ya kona, lami inang'aa, na nyuma yangu kuna lori lililobeba mzigo mzito ambalo nilikuwa nimelipita muda si mrefu. Katikati ya kona ikakata na haikurudi. Taa ya mbele hakuna, ya nyuma hakuna, dashibodi nyeusi, injini imegoma na gia bado imeingia kwa hiyo gurudumu la nyuma likaanza kuvutwa kwenye maji. Nikabana klachi. Breki za kawaida zinafanya kazi hata umeme ukiisha kwa sababu ni mafuta yanayosukuma, lakini ule mfumo wa kuzuia gurudumu lisikwame unahitaji umeme, kwa hiyo nilijua nikikamata kwa nguvu naanguka. Nikaiachia ishuke, nikawa naigusa breki kidogo kidogo, macho kwenye mstari mweupe wa pembeni ambao hata sikuuona vizuri, nikaingia kwenye kokoto za ukingoni. Kilichoniogopesha kuliko yote ni lile lori nyuma, maana sikuwa na taa hata moja ya kumwonyesha dereva kwamba nipo.

Aliniona. Alisimama mbele kidogo akaweka taa za dharura, akashuka, mzee mmoja mfupi mwenye koti la mvua refu kuliko yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeumia?"

"Hapana, imezimika tu."

"Mpya hii," akasema, akaizunguka na tochi.

Nikamweleza yote, na nilikuwa nimeshaanza kutaja watuhumiwa wangu. Kwanza swichi ya stendi, kwa sababu pikipiki hizi stendi ikiwa chini na ukaingiza gia injini inakata, na swichi yake iko chini kabisa inapigwa na tope na maji. Pili swichi ya klachi. Tatu ile ya kuzimia injini, ya kulia kwenye usukani. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: saa ya kwenye dashibodi inasoma ngapi?

Nikawasha swichi. Dashibodi ikaja, maana ikikaa kidogo ilikuwa inajirudia yenyewe. Saa ilikuwa inasoma 0:00.

"Na kule nyuma ilipokukatia mara ya kwanza?"

Nikakumbuka kwamba kweli, tangu lile tuta nilikuwa nairekebisha saa na kila nikitazama imerudi sifuri, na kile kihesabu cha kilomita za safari nacho kilikuwa kimejifuta, nikaona ni upuuzi mwingine wa mashine mpya kama kioo na taa.

Akanieleza taratibu, huku maji yanamtiririka puani. Swichi ya stendi ikikata, inakata injini tu, dashibodi inabaki inawaka. Ya klachi hivyo hivyo. Swichi ya kuzimia pia. Swichi ya funguo ikiwa mbovu inaweza kuzima taa na kila kitu, ila saa haiguswi, kwa sababu saa inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri hata pikipiki ikiwa imelala. Saa ikirudi sifuri maana yake betri yenyewe imetoka kwenye mchezo, ama fyuzi kubwa, ama vichwa vya betri pale waya zinapofungwa. "Hata magari mengi ni hivyo," akasema, "tizama saa kwanza."

Nimekaa na pikipiki miaka na sikuwahi kusikia mtu akilisema hilo kwa maneno mepesi namna hiyo.

Tukatoa siti. Vifaa vilivyokuja na pikipiki vilikuwa funguo mbili za pembe sita na bisibisi laini, basi, hata spana namba 10 ya kufungulia kichwa cha betri hawakuweka, na hii ni mashine inayouzwa kwa ajili ya safari za mbali. Mzee akachukua yake kwenye lori. Waya mwekundu ulikuwa umekaza. Mweusi, ule wa hasi, aliushika kwa vidole viwili ukacheza. Bolti haikuwa imekazwa kabisa, iliwekwa kwa mkono ikaachwa, na kwenye kile kipande cha chuma cha waya kulikuwa na alama nyeusi za cheche. Ndo maana ikisimama ilikuwa nzima, mtetemo wa injini ikiunguruma taratibu hauwezi kuiachanisha, ila kwenye tuta au injini ikizunguka kwa kasi fulani inaruka kidogo na umeme wote unapotea. Na pikipiki kama hii mafuta yanaingizwa na kompyuta, pampu iko ndani ya tanki, betri ikiachana injini inaweza kukata hata kama jenereta inazunguka. Isitoshe betri ikiachana na mfumo wakati injini inafanya kazi, umeme wa jenereta unapanda na kushuka ovyo, unaweza ukaua kompyuta yenyewe. Nilikuwa na bahati kubwa sana.

Akasugua zile alama kwa kisu, akakaza, akatoa multimita yake ya zamani, kile kipima umeme. Injini imezima ilisoma volti 12.6, injini inaunguruma ikapanda 14.2. Akanionyesha na kitu kingine ambacho nimekiandika nisisahau: usipime kwenye bolti peke yake, weka ncha moja kwenye nguzo ya risasi ya betri yenyewe na nyingine kwenye kipande cha waya, halafu piga stata. Kama kuna volti 0.2 au zaidi inapotea hapo katikati, maungio ni mabovu hata kama kwa macho yanapendeza. Nikataka kumpa chochote, akakataa, akasema nimfuate nyuma mpaka chini kwenye taa. Nikamfuata. Haikukata tena.

Usiku ule nililala kwenye chumba cha wasafiri ambacho bei yake ilinikasirisha na godoro lake likamalizia kazi ya siti. Usingizi haukuja. Nilikuwa nafikiria pikipiki yangu ya zamani niliyoiuza ili niongezee hela ya hii. Ile kila bolti niliifunga mwenyewe, nilijua ipi imechoka na ipi ina uzi ulioanza kulika, ikilia nilijua inalia wapi. Nyumbani walinicheka kwamba naoa chuma. Na sasa nimenunua kitu kipya kabisa, sijagusa hata skrubu moja kwa sababu nimeambiwa nisiguse, na nilikuwa nimekiamini kwa sababu ya upya wake peke yake. Nilikuwa nawaza watu wa nyumbani wangeambiwa nini kama yule mzee angekuwa dereva wa aina nyingine.

Asubuhi nikaazima spana nikaizunguka pikipiki yote, dhamana ikae pembeni. Cheni ilikuwa imebana mno. Nyingi za aina hii zinatakiwa kucheza kama milimita 25 mpaka 40 hivi, yangu ilikuwa haifiki hata 15, na ukiweka mizigo na mtu shokomzoba inashuka na cheni inazidi kukaza, inaua beringi za gurudumu na za gia. Bolti mbili za kioo cha upepo hazikuwa na washa, ile pete inayokaa chini ya bolti. Nati ya kioo cha pembeni ilikuwa ya kugeuza kwa vidole. Halafu nikafika gurudumu la mbele. Kalipa ya breki ya kulia, ile inayobana diski, inashikwa na bolti mbili, ya chini niliigusa kwa spana ikazunguka kama haijui kazi yake. Nilikaa chini kwenye saruji. Ile kona ya jana, zile breki nilizokuwa nazigusa kidogo kidogo, zilikuwa zinaning'inia kwa bolti moja.

Hapo ndo nilipoona kitu ambacho nataka kila anayenunua mashine ya namna hii akione. Injini haikuwa na shida hata moja. Gia tamu, haivuji, oili iko kwenye kiwango. Vyote vilivyoharibika vilikuwa vitu vya mwisho. Pikipiki ikisafirishwa kwenye kreti, lile sanduku la kusafirishia, inavuliwa baadhi ya vitu, mara nyingi gurudumu la mbele linatolewa pamoja na kalipa zake, usukani unalazwa, vioo vinafungwa peke yake, betri haiunganishwi. Muuzaji ndo anamalizia, halafu anatakiwa akague yote kabla ya kukabidhi, kila bolti kwa mkazo wake ulioandikwa kwenye kitabu cha fundi, cheni, taa, presha ya tairi. Yaani betri, kalipa, vioo vyote viwili, ni mkono mmoja uliopita hapo, na ulipita kwa haraka. Aliyeniambia zote ziko hivyo hakuwa anazungumzia zote, alikuwa anazungumzia zilizopita kwenye gereji yake.

Safari iliyobaki ilikuwa nzuri sana na siwezi kuieleza vizuri, bahari niliiona, barabara ya chini ina upepo wa ubavuni mkali, siti bado inaumiza. Nilipiga alama ya rangi nyeupe kwenye kila bolti kubwa, mstari mmoja unaovuka kichwa cha bolti na chuma kilicho chini yake, ili ikilegea niione kwa macho kila nikijaza mafuta. Hakuna iliyosogea.

Kwa muuzaji nilirudi kilomita 1,000 zilipofika, muda wa sevisi ya kwanza, ile ya kumwaga oili yenye vumbi la chuma cha injini mpya. Sikupiga kelele. Niliomba fomu ya ukaguzi wa kabla ya kukabidhi. Wakaileta. Visanduku vyote vina tiki, kalipa tiki, vichwa vya betri tiki, cheni tiki, kalamu ile ile, mstari mmoja mrefu wa tiki zilizoegemea upande mmoja, na sahihi chini. Nikaweka juu yake picha za asubuhi ile, bolti ya kalipa iliyotoka nusu, zile alama nyeusi za cheche, nikamwomba meneja asome pamoja na mimi kisanduku kimoja kimoja. Alisoma. Wakabadilisha waya wa hasi na bolti za kalipa bila malipo, nikasimama pale pale karibu na fundi mpaka alipokaza ya mwisho kwa spana ya kupimia mkazo, na sijaondoka mpaka waliponiandikia kwenye karatasi kwamba kukaza bolti hakujavunja dhamana yangu.