Mabano kwanza, namba baadaye

Leo naandika kuhusu kosa la aljebra linalowanyima wanafunzi alama bure. Swali lenyewe jepesi: ikiwa x = −3, tafuta thamani ya x² − 4x. Mwanafunzi anafuta x, anabandika −3 palepale, anapata −3² − 4 − 3. Kuzidisha kulikojificha kati ya 4 na x kumepotea, kama vile 3a inavyogeuzwa 34 pale a ikiwa 4, badala ya 12. Kipeo nacho kimeishika 3 peke yake, hasi imeachwa nje. Jibu linatoka −16.

Dawa ni kuandika mabano matupu kabla ya kugusa namba yoyote: (  )² − 4(  ). Ndipo ujaze: (−3)² − 4(−3). Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo sehemu ya kwanza ni 9. 4 mara −3 ni −12, na kutoa −12 ni kuongeza 12. Jibu ni 21. Hakiki kwa njia nyingine: x² − 4x ni sawa na x(x − 4), yaani −3 × −7, nayo ni 21. Uhakiki huu naupenda kuliko kurudia hesabu ileile, maana ukirudia ni rahisi kurudia na kosa.

Kwa −x² mambo ni tofauti: −(−3)² ni −9. Hasi ya nje si mali ya x, inasubiri kipeo kimalize kazi.

MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inasaidia sana, ila haitaji vipeo, ambavyo hufuata mara baada ya mabano. Tena J imetangulia T, basi wengi hukimbilia kujumlisha. Chukua a − b + c, a ikiwa 10, b 4, c 3. Jibu ni 9, si 3. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, unaanzia kushoto.

Hata mashine hazikubaliani: Excel ukiiandikia =-3^2 inatoa 9, ilhali vikokotoo vingi vya kisayansi hutoa −9. Weka mabano, ubishi uishe.

Kwenye sehemu, mstari wenyewe ni mabano: (x + 5)/(x − 2) hukokotolewa juu peke yake, chini peke yake, kisha ndipo ugawanye. Anza na asili, yaani ile ya chini. Hapa x ikiwa 2 asili ni 0, basi andika kwamba haina thamani, usiandike 0.