Radi za Texas na mapanga ya mitambo ya upepo

Mi kwetu Sumbawanga, radi naiogopa toka mdogo, wingu likitanda tu bibi anafunika vioo na anazima redio. Leo niko Texas magharibi huku Sweetwater, nimening'inia kwenye kamba naziba mapanga ya mitambo ya upepo yaliyopigwa na radi hiyohiyo.

Nyumbani wananiuliza, kwani hayana kinga? Yanayo jamani. Kwenye ncha ya panga kuna vibati vya duara kama vifungo vya koti, radi inatakiwa itue hapo, halafu waya mnene unapita ndani ya panga mpaka kwenye kitovu, unashuka na mnara, unazama ardhini. Kinga ya daraja la juu inapimwa kwa ampea 200,000. Balaa ni pale kiungo cha waya kimelegea, au radi imekosa kibati ikatoboa faibaglasi, yaani ganda la panga, hapo inakimbia ndani kwa ndani, hewa inapata moto kama nyuzi 30,000 kwa kufumba na kufumbua, unyevu uliomo unageuka mvuke hauna pa kutokea, na panga linafumuka ukingoni kama mshono wa gunia lililoshindiliwa. Yale yenye kaboni ndani ndo yanataka uangalifu zaidi maana kaboni yenyewe inapitisha umeme, usipoiunganisha vizuri na waya, radi inaruka kati yao na kuunguza.

Kuna moja bado linaniuma. Nje lina doa jeusi dogo kama sarafu ya shilingi mia, nikagonga kwa nyundo naskia mlio wa uwazi, kufungua, karibu mita mbili gundi imeachia! Waya ulishakatika zamani, na waliokagua kabla yetu waliandika safi bila kupima. Wakati kupima ni kuunga kifaa cha kupimia umeme kutoka kibati cha nchani hadi shina la panga, ukinzani (umeme kuzuiwa kupita) ukiwa mkubwa ujue njia imekatika, basi. Chini ya panga lile wanapita mafundi, wenye watoto.

Saa hizi naandika nikiwa kwenye pikapu, ngurumo ya mwisho ina dakika 20, na hapa tunasubiri zifike 30 bila kusikia nyingine ndo tunarudi kwenye kamba. Bibi kapiga simu, nimemwambia niko chini.